Mafuta ya Maombi Kwenye Breki

Pikipiki yangu ilinizidi umri, na breki zake zilikuwa za zamani: viatu viwili vya chuma vinavyotanuka ndani ya gurudumu na kubana dramu, ukuta wake wa ndani. Kila Jumamosi nilifungua gurudumu la nyuma, nikasugua viatu kwa msasa, nikaviweka juu ya gunia, nikaenda bombani kunawa. Nikirudi, navifunga. Lakini kila Jumapili breki ilishika vibaya kuliko Ijumaa! Eti unasafisha kitu, ndiyo kinaharibika? Nilibadilisha springi, nikakaza waya, nikaitukana. Wapi!

Ningekuwa peke yangu ningevumilia. Ila mke wangu alikuwa na mimba ya kwanza, mwezi wa nane, na kliniki ya Base Camp, hapa kambini kwetu, ilitaka aende hospitali ya mjini Mbarara. Wa kumbeba ni mimi, na njia ya Masha ina miteremko. Wiki ile nilikuwa nimeshaingia kwenye migomba ya watu, na breki yangu safi. Niliogopa, sifichi.

Nikaenda polepole, kwa gia tu, hadi kwa fundi mmoja wa Ruti, pembezoni mwa Mbarara, Mwislamu mwenye mdomo mkali. Alifungua gurudumu, akagusa kiatu, akanusa kidole.

"Ssebo, bwana, nani napaka hii mafuta?"

"Hakuna mtu."

"Hakuna? Mbona nanukia marashi?"

Nikanusa. Mama yangu! Ilikuwa harufu ya kile kichupa cha mafuta ya maombi ya kanisani kinachokaa kitandani kwetu.

Fundi alinifungia viatu vingine. Nilirudi kichwa kinazunguka, nikamkuta mke wangu anachambua maharage, nikamuuliza. Hakusita.

"Kila ukienda kunawa, navipaka na kuomba. Ulipoanguka, nikaongeza."

"Ukaongeza?"

"Mingi."

Nikamweleza kwamba kiatu cha breki kikipata mafuta hakishiki tena. Mikono yake ilisimama ndani ya ungo.

"Kumbe njo miye nilikuwa nakuua?"

Nilikuwa nimebeba hasira tangu Ruti, sikujua tena niitue wapi. Nilimwambia hapana. Ilikuwa uongo, na ilikuwa kweli.

Asubuhi alipanda nyuma yangu, akanishika kwa nguvu. Kwa mara ya kwanza tangu tuoane tuliondoka bila yeye kuomba. Tulipofika mteremko wa kwanza, breki ikashika vizuri kabisa, na mimi ndiye niliyeanza kuomba kwa sauti.