Kaa Aliyekwenda kwa Fundi Cherehani

Miaka ile ya mwanzo wa uhuru nilikuwa mhudumu katika hoteli moja ya Galu, na mpaka leo nikisikia karata zikichanganywa, moyo hunirudisha nyuma ya chumba cha kufulia. Baada ya sala ya alasiri sisi wafanyakazi tulicheza huko kwa sharti moja: kabla ya kutupa karata, sema msemo wa Kiingereza uliousikia kwa wageni. Ukikosa, unaosha vikombe vya wote.

Siku moja niliishiwa. Kuosha vikombe niliona ni aibu, maana bingwa nilijiita mwenyewe. Basi nikatunga wangu, kwa Kiingereza: kaa amekwenda kwa fundi cherehani. "Wazungu husema hivyo mtu akichelewa," nikawaambia bila kupepesa macho. Bakari, mfagiaji kutoka Msambweni, akaurudia mpaka ukamkaa kichwani.

Mwezi haukuisha, Bakari akaitwa kusailiwa kazi ya kuhudumia wageni mezani. Meneja, mama wa Kizungu, aliniweka kando yake nitafsiri palipo pagumu. Bakari akaingia amechelewa, shati limelowa jasho. Mama akamwuliza sababu. Bakari akanyoosha mgongo, akautoa msemo wangu wote, neno kwa neno.

Mama akanigeukia. "Anasema nini huyu?"

Nikainama, nikatazama sakafu. Bakari akadhani ni unyenyekevu.

"Amenifundisha yeye, mama," akasema kwa fahari. "Na anayo mingine mingi."