Maji ya Matanga

Kule Kasongo, kazi yangu ni kufungulia mitaa maji kwa zamu. Zamu haivunjwi ila kwa matanga: kwenye kuna maiti, maji inaenda kwanza. Siku moja tajiri mumoja wa dhahabu alinijia na machozi, eti mama mukwe wake amekufa. Nikageuza vani, kile chuma cha kufungulia bomba, maji ikaenda mutaa wake, kisha nikaenda kutoa pole. Niliingia ninalia, sawa desturi. Nikakuta vijana wanafyatua matofali na ile maji, na mama mukwe mwenyewe anatwanga sombe, majani ya muhogo.

"Baba, unalilia nani?"

"Ni weye, mama."

Nilirudi mbio kufunga. Tajiri akanifuata na makelele: mimi ni nani hata nimufungie maji? Nikakaza vani kwa mikono mbili.

"Mimi ni ule atakufungulia maji siku utakufa kweli."