Mkono Juu ya Dungu

Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa Mei, mwaka ambao maji ya Tana yalipanda hadi kwenye baraza za nyumba zetu Ozi, nilimpoteza mume wangu. Alikuwa anavuka mfereji wa shamba letu kwa mtumbwi, kiboko akaupindua. Watu wa shamba la jirani walimtoa akiwa bado na joto, lakini pumzi ilikuwa imekwisha. Alizikwa kabla ya alasiri. Kwetu maiti hangojeshwi.

Mama yake hakuwepo. Alikuwa Garsen kwa matibabu ya macho na barabara ilikuwa imekatika. Alipopata njia ya kurudi, kaburi lilikuwa limeshaota nyasi, na kwa kuwa wanawake wa kwetu hawaendi makaburini, hata hilo kaburi alisimuliwa tu. Aliingia chumbani kwangu, akakaa kitandani, akasema, "Wenzangu wote walimwona. Mimi sikumwona." Kisha akaomba maji ya kunywa.

Mimi nilikuwa katika eda. Mjane hatoki nyumbani bila dharura mpaka miezi minne na siku kumi iishe, wala hapitishi usiku kwingine. Sikuona ni vigumu. Sikuwa na hamu ya kwenda popote. Kilichonisumbua ni mpunga. Mafuriko yalikuwa yamesomba ule wa bondeni, lakini ule wa juu ulisimama, na kufika Agosti ukaanza kuinamisha mashuke. Hicho ndicho kilikuwa chakula chetu cha mwaka, mimi na mama mkwe na wifi yangu, ambaye aliachika akarudi kwao.

Katikati ya shamba kuna dungu, jukwaa la miti ambalo mlinzi hukaa juu akifukuza wanyama. Miaka yote alikaa mume wangu. Alikuwa fundi wa pikipiki Garsen, lakini mpunga ukianza kuiva alifunga kazi yake, akaja kukaa dunguni na ovaroli yake ya buluu, akipiga debe. Sasa alikwenda wifi. Siku ya kwanza alirudi amekasirika.

"Wale nyani wana dharau," alisema. "Nimepiga debe mpaka mkono umekufa ganzi. Wananiangalia tu. Dume moja likanigeuzia makalio, likaendelea kula."

"Hukuwarushia mawe?"

"Nimerusha. Wameyanusa."

Kila mtu wa mtoni anajua kwamba nyani hamwogopi mwanamke. Hata avae suruali, hutambua mwendo wake. Na wanaume wote walikuwa kwenye madungu yao.

Chini ya kitanda kulikuwa na vyuma ambavyo mume wangu aliviokota gereji: mota ya wipa ya gari bovu, minyororo ya baiskeli, nati na bolti ndani ya makopo ya maziwa. Mimi sikusoma kupita darasa la sita, na ufundi sikufundishwa. Lakini miaka mingi nilimshikia tochi na kumpa spana, na macho hujifunza hata usipoyatuma. Nilijua mota ya wipa huzunguka, na kijiti chake cha chuma hugeuza ule mzunguko ukawa kwenda na kurudi, ndiyo maana wipa hufuta kioo. Nikawaza kwamba kinachofuta kioo kinaweza kuinua mkono.

Nilifanya kazi uani, mlango wa nje ukiwa umefungwa. Mifupa niliitengeneza kwa fito za mikoko. Begani nilifunga mota, nikaiunganisha na fito ya mkono kwa kipande cha mnyororo. Urefu wa mkono niliupima kwenye shati lake. Kichwa kilikuwa dumu la lita tano lililofungwa gunia. Mwalimu wa chuo cha Kurani alikuja kutupa pole, akaiona.

"Uso usiweke," alisema kupitia kwa wifi, maana mimi nilikuwa ndani. "Mwambie asiweke macho wala mdomo. Aliyechora uso ataambiwa Siku ya Kiyama autie roho, na ataipata wapi?"

Sikuweka uso. Nililishona gunia likawa laini mbele na nyuma, kisha nikalivika kofia yake ya jua.

Nilipounganisha betri ya pikipiki, mkono ulipanda na kushuka, ukapanda na kushuka, sawasawa kama mtu anayetwanga. Wifi alisema nyani wataizoea kabla ya siku kwisha, na alisema kweli. Kitu kisichobadilika hakiogopeshi. Nilikaa na wazo hilo siku nzima. Mwishowe nikaiondoa betri, nikaleta paneli ya sola iliyokuwa juu ya bati, ile kubwa ya taa zetu, nikaiunganisha na mota moja kwa moja. Jua likiwaka, mkono ulipiga. Wingu likipita, ulipunguza mwendo, ukasimama popote ulipofika. Wingu likiondoka, ulishtuka, ukaanza tena. Hakuna aliyeweza kujua ungepiga lini.

Nyumba ilibaki bila taa. Tulitumia koroboi.

Ilibaki nguo. Nguo za marehemu hazikuwa zimegawanywa bado. Nilimwomba mama mkwe ovaroli, maana nyani waliijua, na yeye ndiye aliyekuwa ameiweka. Aliitoa kwenye sanduku, akainusa kwenye kola, akanipa. Niliijaza nyasi kavu. Nilipomaliza nilirudi nyuma hatua chache kuitazama, na wingu likaondoka wakati huohuo. Mkono uliinuka. Wifi alikuwa anapeta mchele. Aliacha ungo, akatoka nje ya ua bila viatu.

"Virudishe vyuma chini ya kitanda," alisema kutoka upande wa pili wa makuti. "Wallahi, mimi hiyo sitaibeba."

Aliibeba. Yeye na jirani mmoja waliipeleka dunguni pamoja na paneli yake, wakaifunga kwenye nguzo, wakaweka debe mbele yake. Siku hiyo nyani walikaa ukingoni mwa msitu mpaka jioni wakitazama. Hakuna aliyeshuka. Siku ya pili hivyohivyo. Kutoka uani kwetu nilisikia debe likilia, likanyamaza, likalia tena, na mara kadhaa nilijikuta nimeinuka ili kumwandalia chakula.

Mama mkwe naye alisikia. Siku ya tatu alichukua fimbo yake, akamfuata wifi shambani. Macho yake yaliona umbo na rangi, si zaidi. Wifi aliniambia mama alisimama juu ya tuta, mbali, akatazama buluu ile juu ya dungu. Debe lilipolia alikaa chini palepale.

Kesho yake alipika uji wa mtama, akautia kwenye kibuyu, akaenda nao.

"Anaweka chini ya ngazi," wifi alinieleza. "Halafu anazungumza."

"Anazungumza nini?"

"Mambo ya Garsen. Daktari alimwambia nini, nauli ilipanda vipi. Mambo ya kawaida tu. Afadhali angekuwa analia."

Jioni mama alirudi na kibuyu kitupu. Sikuuliza uji uliliwa na nani. Alikaa karibu na koroboi, akanitazama nguo zangu za eda.

"Mbona umejifungia hivi, mwanangu?" alisema. "Mwenye nyumba yuko shamba."

Nilimwambia wifi ampandishe dunguni amwonyeshe nyasi. Walipanda pamoja. Wifi alifungua vifungo vya ovaroli, akachukua mkono wa mama, akauingiza kifuani mwa ile sanamu.

"Najua ni nyasi," mama alimjibu. "Mimi sijachanganyikiwa, usinishikeshike. Lakini huo mkono ni wake. Anapiga, anafikiri, anapiga. Tangu utotoni ndivyo alivyofanya kila kitu."

Ningeweza kuagiza ishushwe siku hiyo. Sikuagiza. Mpunga ulikuwa bado wa kijani kwenye shina, na nilihesabu kwamba mama angechoka kabla haujaiva. Hakuchoka. Alianza kuondoka alfajiri na kurudi magharibi. Akaacha kula nyumbani. Na mwezi ulikuwa unakwenda kujaa. Kwetu, karibu na mlango wa mto, bahari ya bamvua, inapojaa kupita kawaida, husukuma maji ya mto nyuma, mifereji ikafurika mashambani. Hayo maji ndiyo yanayolisha mpunga wetu, na ndiyo yanayomleta kiboko. Watu walikuwa wameshamwona, yuleyule, ana kovu mgongoni. Hakuwa amehama.

Siku ya bamvua wifi alirudi peke yake.

"Amekataa," alisema. Alikuwa amelowa hadi magotini. "Nimemvuta, akanipiga fimbo. Anasema anamsubiri amuage."

"Maji yamefika wapi?"

"Ngazini."

Nilivaa buibui, nikatoka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuvuka kizingiti cha mlango wa nje tangu mazishi. Jua lilikuwa limezama lakini mwanga ulikuwepo. Nilipita juu ya tuta, wifi nyuma yangu akisoma alichokijua cha Kurani. Mpunga ulikuwa umesimama ndani ya maji, mzito, mzuri kuliko nilivyoukumbuka. Dunguni mkono ulikuwa umesimama juu, pale jua lilipouachia. Mama alikuwa kwenye kipago cha kwanza cha ngazi, ameikumbatia nguzo. Upande wa mfereji, mahali nisipoweza kuona, kiboko alipumua.

"Mama, twende."

"Ngoja jua litoke. Akipiga mara moja nitakuja."

"Jua limeshatua, mama."

"Basi kesho."

Kiboko alipumua tena, karibu zaidi. Wifi alianza kulia kwa sauti ndogo. Nilimpita mama, nikapanda. Nilikata waya kwa kisu, nikakata kamba za nguzoni. Kitu kile kiliniangukia begani, na dumu likagusa shavu langu.

"Usimtupe," mama alisema.

"Simtupi. Ninamshusha. Pokea miguu."

Alipokea. Tulimshusha taratibu kwenye ngazi, mimi mabegani, yeye miguuni. Tulipofika chini, maji yakitupita magotini, mama alipapasa kila kitu, kutoka kofia hadi kwenye pindo za suruali.

"Mwepesi," alisema. "Siku ile alikuwa mwepesi?"

"Alikuwa mzito. Walimbeba kwenye kitanda cha kamba."

"Macho?"

"Niliyafumba mimi."

"Alikuwa na jeraha usoni?"

"Usoni hapana. Ubavuni."

Kisha akaiachia ile miguu, akanishika mkono. Wifi ndiye aliyechukua upande wake. Tulirudi juu ya tuta tumeibeba, mama katikati, na kwa upande wa kushoto maji ya mfereji yalikuwa yanasogea pamoja nasi. Hatukukimbia. Kwenye tuta la udongo wa bamvua mtu hakimbii, huteleza. Tulipopanda penye minazi maji yalitulia.

Asubuhi nyani waliingia kabla hatujanywa chai. Tuliwasikia. Wifi alikwenda nyumba kwa nyumba, na wanawake wa kijiji wakaja na visu vyao, wakaingia shambani kwetu, wakakata chochote kilichobaki, kikiwa kibichi vilevile. Karibu nusu ilikuwa imekwisha kuliwa na kukanyagwa. Mpunga usioiva hauwekwi ghalani. Tulifanya pepeta: tuliukaanga kwenye vyungu uani, tukautwanga ungali moto mpaka ukawa bapa, tukaupepeta. Kazi hiyo ilichukua mchana kutwa. Mama mkwe alikuwa ndani, amelala ameelekea ukutani, hakutoka tulipomwita.

Wanawake walipokwisha kuondoka alikuja mlangoni. Wifi alimpa pepeta kwenye kisahani. Aliitia mdomoni kidogo, akaitafuna polepole, akaomba chumvi. Nikampelekea.