Lenzi Ndefu na Bega la Kushoto

Saa nne asubuhi, katika duka dogo la kamera, wapo watu wanne: mpiga picha za michezo anayejulikana viwanjani kwa jina la Jicho, mkewe ambaye ni fundi cherehani, binti yao ambaye ni mwalimu wa hesabu, na muuzaji wa duka.

Mezani zipo lenzi mbili zilizokwisha kutumika. Zote ni zile zisizovuta: ukitaka kumsogelea mchezaji zaidi, miguu yako ndiyo ikupeleke. Moja ni ya milimita mia nne, nzito kilo tatu. Nyingine, ya mia mbili, haifiki kilo moja. Ile kubwa ni ya zamani sana, hivyo bei zimekaribiana.

Jicho anaipachika ile kubwa kwenye kamera yake, anaiinua na kumlenga fundi viatu aliye ng'ambo ya barabara. "Naona mpaka uzi kwenye sindano yake!"

"Na bega lako, unaliona?" mkewe anamuuliza.

Bega hilo la kushoto lilivunjika miaka miwili iliyopita, mshambuliaji alipomwangukia nyuma ya goli. Lenzi yake ya kuvuta ilivunjika siku hiyo hiyo. Kwa miezi saba hakushika kamera. Cherehani ndiyo iliyowalisha. Akiba yao inatosha lenzi moja tu. Akikosea, msimu huu atakuwa mtazamaji.

"Wenzangu wote wana hii," anajitetea. "Nikienda na hako kadogo, watasema mzee kaja na kikombe cha chai."

"Waseme, mume wangu. Usiku wa maumivu hawaji kukukanda."

Dakika moja haijaisha, bega linalemewa na sura ya fundi viatu inaanza kuchezacheza ndani ya kioo. Jicho anaishusha lenzi taratibu.

Binti anafungua daftari. Kila picha huhifadhi kipimo cha lenzi iliyoipiga, naye amezipitia zote zilizowahi kuchapishwa gazetini. "Baba, ziko mia nne na kumi na mbili. Mia tatu na moja kati ya hizo ulizipiga kwa kipimo cha karibu milimita mia mbili. Ile ya kipa anayelia ni mia mbili kamili."

"Ile? Mbona nilidhani niliivuta kutoka mbali!"

"Hukuwa mbali. Ulikuwa umepiga goti kando ya goli."

"Mwalimu, unaniharibia biashara," muuzaji anacheka.

Jicho anaipachika ndogo kwenye kamera. Kutoka mlangoni, fundi viatu anaonekana mdogo mno. Anavuka barabara, anasogea hatua kwa hatua, kisha anapiga goti.

"Leo nimekuwa nyota?" fundi anauliza, sindano mdomoni.

Kamera inalia mara moja. Mkono umetulia.

Jicho anarudi dukani na kuwatazama wote watatu. "Nifungie hii ndogo. Na Jumamosi nitafika uwanjani kabla ya wote, nikae pale pale nyuma ya goli."