Shairi la Upande Mmoja

Mke wangu alikuwa fundi wa nguo. Nyumba yetu ya Makongeni ni ndogo, kwa hiyo nilisahihisha insha za wanafunzi kwenye meza ileile aliyoshonea. Mimi hufundisha Kiswahili. Tulikuwa na mchezo wetu: natamka nusu ya mshororo, naye anaumalizia bila kuinua macho.

"Chai yapoa mezani," nasema.

"Ngoja nimalize pindo."

Mizani nane kwa nane, na hakuwahi kuzihesabu.

Alipofariki, watu wa kanisa waliniomba shairi la kuchapishwa kwenye kijitabu cha ibada ya ukumbusho. Nililiandika asubuhi moja, beti tatu. Niliandika upande wa kushoto tu, ule tunaouita ukwapi. Upande wa kulia, utao, nikauacha mweupe hadi chini. Sikulia. Nilipomaliza nilifua mashati mawili.

Msichana wa saiba ya Jogoo Road, aliyekuwa akikipiga chapa kijitabu kwenye kompyuta, alinipigia simu.

"Mwalimu, hii shairi yako haijaisha. Side moja iko tupu."

"Limeisha."

"Basi nimeiweka katikati ya page. Imekaa poa."

"Lirudishe kushoto."

"Sawa, mwalimu."

Sikumweleza. Likiwa katikati, ni shairi fupi tu. Weupe unagawanyika huku na huku, na hakuna anayejua kuwa palikuwa na mtu wa kujibu.

Kanisani lilisomwa na shemeji yangu, mdogo wa marehemu. Alisoma haraka, na masikioni halikuwa na kasoro yoyote. Weupe hausikiki. Niliona wachache wakiinamia vijitabu vyao na kutazama pale pasipo na kitu. Mzee mmoja alikigeuza chake nyuma na mbele, nadhani alifikiri wino uliisha.

Wiki iliyofuata jirani yetu alibisha hodi. Ni mama mtu mzima, mzaliwa wa Mombasa, aliyekuwa akishonewa madera na mke wangu. Alikuwa na kijitabu mkononi. Upande wa kulia alikuwa ameujaza kwa kalamu, mshororo kwa mshororo.

"Nimekumalizia, mwanangu. Niliona vibaya kuliacha vile."

Nilisoma. Mizani zilitimia. Ubeti wake wa pili ulikuwa mzuri kuliko wangu. Sasa ukurasa ulikuwa umejaa kama ukurasa wowote wa kitabu cha shule. Nilisubiri nione kama nitakasirika. Sikukasirika.

"Nimekosea?"

"Hujakosea, mama. Vina vimekaa."

"Na wewe, hujambo lakini?"

"Nipo."

Akaniuliza kama nimekula. Nikamwambia sikumbuki. Aliingia jikoni, akafunua sufuria, akazifunika tena, kisha akaenda kwake na kurudi na wali kwenye sahani iliyofunikwa. Alikaa kitini mpaka nikamaliza. Wali ulikuwa na nazi. Nikamshukuru, naye akaondoka na sahani yake.