Kwaya, Madrasa na Karabai

Juma lililopita nilikwenda Kibirizi kununua dagaa, nikamkuta askari amesimama kati ya vichanja vya kuanikia, fimbo kwapani. Alikuwa anasaka wakimbizi waliotoka kambini bila kibali. Wanawake watatu walikuwa wanageuza dagaa. Fimbo ikamwelekea wa katikati, Mrundi mpole, ambaye mikono yake haikuacha kazi.

"Huyu ni wa wapi?"

"Wa hapa hapa, afande," akadakia wa kulia. "Ndiye anayeongoza kwaya yetu."

Wa kushoto naye, papo hapo: "Wetu huyu! Anafundisha watoto madrasa."

Nikauma mdomo. Askari akawatazama mmoja mmoja. "Ijumaa madrasa, Jumapili kwaya? Haya, mwenyewe unasemaje?"

"Mume wangu ni mvuvi wa hapa, afande. Jioni mimi ndiye ninayemwashia karabai ya kuvulia."

"Hiyo ya tatu sasa. Twende!"

Na hiyo ya tatu ndiyo iliyokuwa kweli. Msimu mzima wale wenzake wawili wamekaa naye kichanja kimoja, wanajua anavyochambua dagaa, hawajui akitoka pale anakwenda kwa nani. Msicheke, nyie wa maofisini. Wa meza ya pili mnamjua ni mume wa nani?

Mume aliporudi kutoka ziwani alimfuata kituoni pamoja na mjumbe wa nyumba kumi, mke akaachiwa. Jana nilimkuta tena kichanjani, katikati ya wale wale wawili.

"Asanteni kwa kunitetea, dada zangu," aliwaambia bila kuinua macho. "Ila siku nyingine, kabla hamjanisemea, mniulize."