Msichana wa Kwanza Huitwa Poni

Utotoni nilikuwa na jina jingine, na nililinyang'anywa kule Rejaf, karibu na Juba, kwa sababu nyanya yangu alitaka niishi. Nasema nililinyang'anywa na neno hilo silibadilishi, ingawa najua alifanya kwa mapenzi. Nilikuwa Keji. Kwetu sisi Wabari majina mengi hayachaguliwi. Mtoto huzaliwa akakuta jina linamsubiri, kulingana na alivyofuatana na ndugu zake. Msichana wa kwanza ni Poni, wa pili ni Keji. Ukijitambulisha kwa Mbari kwamba wewe ni Keji, hata kama mmekutana sokoni saa hiyo hiyo, anaweza kukuuliza Poni hajambo, na hakuna anayeona ajabu.

Poni wetu alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka michache. Alikuwa mwembamba, mbishi, na alikuwa na tabia ya kutafuna bamia mbichi bustanini mpaka Haboba amfukuze. Haboba ndivyo tulivyomwita nyanya, kwa Kiarabu cha Juba. Tuliishi naye, mama na Poni na mimi, tukilima mboga ya kudra na bamia karibu na mto. Msimu mmoja mto ulipojaa, Poni alishuka kuchota maji akateleza. Mimi nilikuwa nyuma yake kidogo. Niliona dumu likielea, yeye sikumwona. Wavuvi walimtafuta mpaka wakachoka, na hadi leo dada yangu hana kaburi.

Baada ya matanga Haboba alituketisha, akatupa amri moja tu: jina la dada yangu lisitajwe tena katika nyumba hiyo. Alituambia kwamba mtu aliyechukuliwa na maji huwa hajui kama amekufa. Ukimwita anaitika, na akishaitika anataka mwenzake, na mwenzake ni yule anayemfuata. Alipofika hapo alinitazama, na mama akanivuta karibu naye. Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Anayemfuata Poni ni mmoja.

Nilivumilia mpaka kiangazi. Nimesikia siku hizi kuna shule ambazo mtoto aliyefiwa huketishwa na mwalimu akaulizwa anajisikiaje. Mimi nilipewa amri ya kunyamaza, na pale mkekani tulipokulia chakula watu wakasogea kidogo ili nafasi yake isionekane. Asubuhi moja nilimfuata mama mtoni. Kulikuwa na ukungu, na mama alikuwa ameinama akijaza dumu. Nilikuwa na hasira, na niseme wazi kwamba nilimkasirikia Poni mwenyewe, kwa kuniachia kazi zote na kuondoka bila hata kuniaga. Nikavuta pumzi nikaliita jina lake kwa nguvu zangu zote. Likaitika.

Sauti ilitoka upande wa mlima, nyembamba, ya mtoto wa kike, ikatamka mwisho wa jina tu. Mama aliliacha dumu majini, akanibeba mbiombio mpaka nyumbani, nami nilikuwa nimeshakuwa mkubwa wa kubebwa. Kufika jioni nilikuwa na homa kali, natapika, nasema maneno yasiyoeleweka. Haboba hakunigombeza. Alikaa kando yangu akinipangusa uso, na kila aliyeingia alimwambia kwa sauti ya chini kwamba yeye alisema.

Leo najua kwamba mlima wa Rejaf hurudisha sauti ya yeyote anayepiga kelele pale. Najua pia kwamba malaria haihitaji kuitwa jina ndipo ije. Nimesoma, naweza kukueleza yote mawili vizuri kabisa. Lakini kwa miaka mingi maelezo hayo hayakunisaidia hata siku moja, kwa sababu aliyeisikia sauti ile hakuwa mtu mzima aliyesoma. Alikuwa mtoto aliyetaka dada yake aitike.

Haboba alimtoa kuku wake mweupe, yule aliyekuwa akitaga vizuri kuliko wote, akaenda kumtupa mtoni. Akaninyoa nywele. Kisha akaniambia kwamba kuanzia hapo mimi ni Tereza, jina langu la ubatizo, ili maji yakija kumuulizia Keji yaambiwe hapa hakuna mtu wa jina hilo. Nilipona. Baada ya hapo nani angebishana naye? Mama mwenyewe aliniita Tereza, hata tukiwa wawili tu, hata akiwa amekasirika.

Baadaye mama mdogo alinichukua nikasome Eldoret, na huko ndiko nilikookota Kiswahili hiki. Nilirudi Juba mtu mzima, Tereza kwenye vyeti, Tereza kazini. Haboba alikuwa amekwisha fariki. Niliolewa na Lado, anayeuza vipuri vya pikipiki mtaa wa Hai Mauna, nyumba tukapanga mtaa wa Gurei, na mama akaja kukaa nasi. Kisha nikajifungua mtoto wa kike.

Sasa msomaji ameshaelewa. Lado ni Mbari, mtoto ni wa kwanza, na ni msichana. Ukoo wake ulikuja na vigelegele na jina mdomoni, wakatukuta mimi na mama tumekaa kimya kama tuliofiwa. Nilimwomba Lado tusubiri kidogo. Kidogo hicho kikawa karibu mwaka. Mtoto aliitwa Bebi, na wifi yangu Rejina akawa anasema mbele ya wageni kwamba nyumbani kwa kaka yake mtoto hana jina, kama kuku. Lililoniuma zaidi wifi hakulijua. Nilikuwa siwezi kumwogesha mwanangu. Nikiweka maji kwenye beseni mikono ilitetemeka mpaka namwogopa mtoto mwenyewe. Mama ndiye aliyemwogesha, nami nilisimama nje ya mlango nikisikiliza mpaka maji yamwagwe.

Lado ndiye aliyeleta habari za mshauri nasaha, Mkenya mmoja anayewasikiliza watu katika kliniki mjini. Akaniambia na malipo yake. Nikacheka. Kisha nikaona hacheki.

Wifi alipopata habari alikuja siku hiyo hiyo. Aliitandaza ile pesa kwa mdomo wake, gunia la unga huku, mafuta kule, viatu vya mtoto, na bado kitabaki cha sabuni. Kwake hiyo haikuwa hata hoja kubwa. Hoja kubwa ilikuwa watu.

"Wewe iko na akili mzuri," aliniambia. "Watu wakikuona kwa daktari ya majanin, daktari ya wazimu, watasema kaka yangu ameoa majanuna. Na huyo daktari anakupa nini? Dawa hapana. Sindano hapana. Unalipa mtu asikie tu maneno yako?"

Nilimjibu ndiyo, nalipa mtu asikie maneno yangu, kwa sababu katika ukoo wangu hakuna aliyewahi kuyasikia bure. Nikamuuliza pia kama kuku wa Haboba aliokotwa njiani. Kwetu hofu imekuwa ikilipiwa siku zote. Tumetoa kuku, tumetoa mbuzi, tumetoa nywele za watoto, na hakuna wifi aliyesimama mlangoni kupiga hesabu. Tofauti ni kwamba safari hii ningelipa ili niseme, si ili ninyamaze. Sikuyapanga maneno hayo, yalitoka na hasira, lakini mpaka leo naona yalikuwa kweli.

Siku yenyewe nilipanda boda mpaka kliniki, nikaketi ukumbini na wenzangu, kila mtu akitazama viatu vyake. Mama mmoja mnene wa mapokezi alikuwa akiita watu kwa zamu. Nilimsikia akimwita Keji. Hakuna aliyesimama. Akaita tena, Keji iko wapi, na bado mimi nimeketi, nikimtafuta huyo Keji kwa macho kama wenzangu. Ndipo nikakumbuka kwamba Lado ndiye aliyepiga simu kuomba nafasi. Nilimwambia jina langu la kwanza tulipokuwa wachumba, na yeye kwa uungwana wake alidhani hospitali wanataka jina la ukweli.

Nilisimama. Mama wa mapokezi alitabasamu, akafanya anachofanya Mbari yeyote mwenye adabu.

"Keji," alisema, "Poni fi wen? Umemwacha nyumbani?"

Poni yuko wapi. Alikuwa ananitania tu, kunichangamsha. Miguu yangu iligeukia mlango wa nje, na nakiri kwamba kilichonizuia hakikuwa ujasiri. Pesa ilikuwa imeshalipwa, hairudi, na nilimwona wifi akilini akiwa amekunja mikono. Sikutaka kumpa furaha hiyo. Nikaingia ndani kwa ukaidi mtupu.

Mshauri aliitwa Madamu Nasimiyu, mtu wa Bungoma, mwenye sauti ya polepole na feni iliyokuwa ikikwama. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali makubwa. Aliniuliza tu nimesikia nini pale mlangoni, maana niliingia nikiwa nimebadilika sura. Nikamwambia ni utani wa jina. Hakuelewa. Kwao jina halimhesabu mtu.

Kwa hiyo nikaanza kumfundisha. Nililifurahia somo hilo, kwa sababu lilikuwa linakula muda wake niliolipia bila kunigusa. Nilimweleza jinsi Wabari tunavyofuatana, nikamwambia msichana wa kwanza huitwa Poni, wa pili Keji, na ndiyo sababu yule mama aliuliza.

"Basi wewe ni wa pili," akasema Madamu Nasimiyu. "Na Poni wenu?"

Nilikuwa nimeshalitaja. Nilikuwa nimelitamka kwa mdomo wangu, kama mwalimu ubaoni, kwa Kiswahili, lugha ambayo Haboba hakuwahi kuiwekea amri. Nililia mpaka nikaona haya. Madamu hakuniambia kwamba nyanya yangu alikuwa mjinga, na hilo namshukuru nalo, maana ningemwinukia. Aliniuliza Poni alikuwa mtu wa namna gani. Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Nikamweleza habari za bamia mbichi, na ubishi wake, na dumu lililokuwa likielea. Nilipomaliza muda ulikuwa umekwisha. Hakunipa chochote cha kwenda nacho nyumbani, alisema tu kwamba tukionana tena tutaendelea.

Njiani nilikuwa mwepesi na mwenye hasira, vyote kwa pamoja. Nilijiuliza nimenunua nini hasa. Kulia ningeweza kulia nyumbani bila malipo. Ila nyumbani sikuwahi kulia.

Niliwakuta uani. Mama alikuwa kwenye jiko la makaa akigeuza chapati, Bebi ameketi mkekani akipigapiga bakuli kwa kijiko. Sikukaa, wala sikuvua viatu. Nilijua nikikaa nitaahirisha. Nikamwita mwanangu Poni.

Hakugeuka. Angegeukaje, hakuna aliyewahi kumwita hivyo. Aliendelea na bakuli lake. Mkono wa mama ulisimama juu ya chapati. Lakini niliita tena, kwa sauti zaidi, majirani wakisikia wasikie.

"Askutu, Keji," mama alisema. Nyamaza, Keji.

Kisha alijisikia alichokisema, akaweka mkono mdomoni. Chapati iliungua. Mama alikaa chini palepale kando ya jiko, nami nikakaa naye, na mtoto akaja akitambaa kuona kuna nini. Hapo mama alinieleza kwamba Poni alizaliwa akiwa mweusi kuliko mimi na alikuwa na kelele tangu siku ya kwanza. Nilikuwa sijui.

Sitadai kwamba siku moja ilimaliza kila kitu. Binti yetu sasa ni Poni, ukoo wa Lado umeridhika, na mama humwita kwa jina hilo akiwa na haraka na kulikwepa akiwa na mawazo. Ninamwogesha mimi. Bado mikono hutetemeka, na Poni anadhani ni mchezo, anacheka. Haboba simlaumu. Alikuwa amepoteza mjukuu mmoja, akamficha wa pili kwa njia aliyoijua, na pengine angekuwa hai angeniita Tereza mpaka leo. Ningemjibu kwa heshima, kisha ningemwogesha mwanangu mbele yake.

Wifi bado anauliza nilipewa nini kwa pesa zile zote. Namwambia mama yangu amenigombeza kwa jina langu, na wiki ijayo naenda tena.